Jinsi Nilivyotafsiri "Kukamata"

Wenzangu mnaobaki kazini mmeniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya ukalimani wa mahakamani, ili wanaoanza wapate pa kuanzia. Nadhani mlitarajia mambo ya viatu visivyoumiza na namna ya kutunza koo. Hayo nitayasema. Lakini mengi ya niliyoandika yanahusu asubuhi moja ya Columbus, na sikuyaandika kwa kujisifu.

Nilifika Louisville, jimbo la Kentucky, nikiwa mwalimu wa Kiswahili kutoka Kigoma, na vyeti vyangu vilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki ambayo hakuna aliyewahi kuomba kuifungua. Mwaka wa kwanza nilipanga masanduku ghalani. Siku moja mwenzangu wa zamu, Mrundi, aliitwa mahakamani kwa kuendesha gari bila leseni, nami nikamsindikiza. Mkalimani hakutokea. Jaji akauliza kama kuna mtu humo ndani anayejua Kiswahili, nikasimama.

Nilianza vibaya. Kila mara Mrundi yule alipojibu, mimi nilisema, "Anasema kwamba hakujua." Jaji akaweka kalamu chini. "Bwana," akaniambia, "hapa hakuna 'anasema.' Wewe ni mdomo wake. Akisema 'mimi,' nawe sema 'mimi.'" Ndani ya robo saa nikawa nimekiri kosa la barabarani wakati sina hata baiskeli. Tangu siku hiyo nimekiri, kwa nafsi ya kwanza, wizi wa matairi, ulevi, ugomvi wa ukumbi wa harusi na mengine ambayo mke wangu aliniomba nisiyasimulie mezani.

Siku hiyohiyo nilikutana na mtu aliyenifundisha kazi. Bi Loretta alikuwa mwandishi wa mahakama, yule anayekaa chini ya meza ya jaji na kupiga kila neno kwenye mashine yake ndogo. Alikuwa Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa Louisville, na miwani yake ilining'inia shingoni kwa mkufu. Watu walipotoka aliniita.

"Unajua nimeandika nini leo?"

"Maneno ya mshtakiwa."

"Hapana. Nimeandika maneno yako. Kiswahili hakimo humu hata herufi moja." Akagonga mashine kwa kidole. "Kesi ikienda rufaa, majaji wa juu hawamwiti mtu. Wanasoma karatasi. Ikifika mpaka kule Washington, wale majaji tisa wa Mahakama ya Juu watasoma karatasi hii hii. Ukikosea, kosa lako ndilo alilolisema yeye. Umenielewa?"

Nilimwambia nimemwelewa. Nilidhani nimemwelewa.

Kwa miaka sita Bi Loretta alinifundisha wakati wa chakula cha mchana, huku tukila sandwichi zetu kwenye benchi la ukumbini. Alinifundisha kuandika kwa alama badala ya maneno, kubeba kalamu tatu, kuomba maji kabla sijayahitaji, na kutomtazama usoni mtu ninayemtafsiria, kwa sababu machozi ya mtu huharibu sarufi. Alinifundisha pia kanuni aliyoiweka juu ya zote. Ukigundua umekosea, hata kama ni kesho yake, unasimama na kusema kwa nafsi ya tatu: mkalimani anaomba kusahihisha kumbukumbu. "Ni sentensi moja tu," aliniambia. "Inauma kwa dakika moja."

Na alinifundisha historia ya Mahakama ya Juu, ambayo aliijua kama wengine wanavyojua ukoo wao. Alinieleza jinsi mahakama ile ilivyowahi kutamka kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Alinieleza jinsi ilivyokuja kusema, baada ya vita na baada ya katiba kurekebishwa, kwamba kuwatenga watu kwa rangi si kuwadharau, mradi kila upande upewe mabehewa yake ya treni. Majaji wote waliokaa kuamua walikubali, isipokuwa mmoja, mtu wa Kentucky, kutoka familia iliyomiliki watumwa. Yeye aliandika kwamba wenzake wamekosea. Ilichukua zaidi ya nusu karne kabla mahakama hiyo hiyo haijabadili msimamo kwenye suala la shule.

"Wakati wote huo walikuwa hawajui?" nilimuuliza.

"Walikuwa na karatasi yake mkononi," alisema. "Usiniambie hawakujua."

Bi Loretta alipostaafu, nami nilihamia Columbus, ambako wakimbizi wa Kongo walikuwa wakiongezeka na mahakama ilitafuta wakalimani. Yaliyohusu cheo na mshahara nayaacha, hayakunipa wala kuninyima usingizi. Kilichonibadilisha Columbus ni sifa. Jaji mmoja alizoea kuniita profesa. Wenzetu wa kanisani waliniomba niendeshe darasa la uraia Jumamosi, nikajikuta nafundisha pia historia ya sheria ya Marekani niliyoipata kwa Bi Loretta na kwenye vitabu vya maktaba. Niliwaeleza watu kwamba wanasheria wa nchi hii wamegombana tangu mwanzo juu ya jambo moja: je, maneno ya katiba yana maana ile ile waliyokuwa nayo siku yalipoandikwa, au yanakua pamoja na watu? Wengine wanasema jaji asome tu kilichoandikwa. Wengine wanasema hakuna anayesoma tu, kwamba kila jaji huleta kwenye meza malezi yake, woga wake na hata kifungua kinywa chake. Nilipenda sana sehemu hiyo ya kifungua kinywa. Watu walicheka.

Ofisi ya wakalimani ikaniomba pia niwapime waombaji wapya wa Kiswahili. Walikuja vijana wa Kivu, mashariki ya Kongo, kutoka Bukavu, Uvira na Minembwe, wenye lugha zao tatu nne kila mmoja, nikawasikiliza wakisema *mutu* na *mukono* na *ile vitu*, nikawaandikia alama za chini. Kwenye fomu moja niliandika kwamba mwombaji hana Kiswahili. Huyo alikuwa amezungumza Kiswahili nami kwa saa nzima. Niliandika hivyo na nikaenda kunywa kahawa.

Sasa nifike kwenye asubuhi yenyewe.

Mama Nabintu alikuwa mtu wa Kivu Kusini, mfanyakazi wa nyumba ya kutunzia wazee. Alishtakiwa kwamba amemuumiza bibi mmoja aliyekuwa akimhudumia. Bibi yule alikutwa na alama ya bluu ya kuvilia damu juu kidogo ya kiwiko, na kwa hali yake ya kusahau hakuweza kueleza imetoka wapi. Hakukuwa na shahidi. Kesi ilisikilizwa na jaji peke yake, bila baraza la wazee wa mahakama, na yote yalitegemea maneno ya Mama Nabintu mwenyewe. Alikuja amevaa kitenge cha Jumapili. Binti yake Solange, mtoto wa miaka kumi, alikaa nyuma na mwanamke wa kanisani kwao.

Mwendesha mashtaka alimuuliza alifanya nini bibi alipokataa kutoka kitandani.

Mama Nabintu alijibu taratibu, akichanganya Kifaransa kidogo kama wafanyavyo kwao, akinitazama mimi badala ya wakili. "Bon, nilimubembeleza. Kisha nilimukamata mukono, donc tukaenda ku bafu pole pole."

Kiingereza kina neno moja la kushika kwa upole na jingine la kunyakua. Kina neno la kiganja, na jingine la mkono kuanzia begani. Kiswahili changu cha shule kiliniambia kwamba kukamata ni kile polisi anachomfanyia mwizi. Nikasema, kwa sauti yangu nzuri ya darasani, kwa nafsi ya kwanza: nilimbembeleza, kisha nikamnyakua mkono, nikitumia lile neno la mkono kuanzia begani, na tukaenda bafuni polepole.

Mwendesha mashtaka aliandika kitu na kukaa chini. Wakili wa utetezi, kijana aliyekutana na Mama Nabintu asubuhi hiyo, hakuuliza swali. Mama Nabintu alitabasamu kidogo. Alidhani amejieleza.

Jaji akatupa mapumziko. Ukumbini Mama Nabintu alikuja kunishukuru, akamwita binti yake. "Solange, kuya huku. Kamata mukono ya papa, umusalimie."

Mtoto akaja, akanipa kiganja chake kidogo, akainama kama walivyofundishwa kwao.

Nilielewa palepale, huku kiganja kile kikiwa bado ndani ya changu. Kwao kukamata ni kuchukua, kupokea, kushika. Mama Nabintu alikuwa amemwambia jaji kwamba alimshika bibi mkono kama mtoto huyu alivyonishika mimi. Mimi nilikuwa nimemwambia jaji jambo jingine.

Tulibaki na dakika kama nane kabla ya kuitwa ndani. Sentensi ya Bi Loretta niliijua kwa moyo. Niliingia, nikakaa, nikafungua daftari. Jaji aliniuliza, "Tuko tayari, profesa?" Nikamwambia tuko tayari.

Mnaweza kuniuliza kwa nini. Nilijiuliza miaka mingi na majibu yangu yote yalikuwa na heshima kuliko ukweli. Nilijiambia kwamba alama ya bluu ilikuwepo, na neno moja halibadilishi alama. Nilijiambia kwamba wakili angeuliza kama kungekuwa na shaka. Ukweli ni kwamba wiki ile ile nilikuwa nimewaangusha vijana wawili wa Bukavu kwenye mtihani, na yeyote kati yao angelitafsiri neno lile sawasawa bila kufikiri. Kusimama kungekuwa kusema hivyo mbele ya watu. Niliona aibu ya dakika moja, nikaikimbia.

Jaji alimtia hatiani. Alisema mshtakiwa mwenyewe amekiri kutumia nguvu. Nililazimika kumtafsiria Mama Nabintu sentensi hiyo, na nikaitafsiri vizuri sana. Aliniuliza, "Nilikiri wapi?" Swali lile nililipeleka kwa Kiingereza kama linavyotakiwa, na jaji akasema kesi imekwisha.

Hakufungwa. Alipewa kipindi cha uangalizi, akapoteza kazi, na jina lake likaingia kwenye orodha ya watu wasioruhusiwa kuhudumia wagonjwa. Nilisikia kwamba ameondoka mjini. Mimi niliendelea na darasa langu la Jumamosi. Niliendelea kusimulia, kwa masikitiko makubwa, jinsi mahakama ile ilivyokaa zaidi ya nusu karne bila kusema imekosea. Sikuwahi kutetereka nikisimulia. Hilo nalo naliandika.

Miaka ilipita, mke wangu akataka kuwa karibu na dada yake, tukahamia Buffalo. Huko mmenijua wengi wenu. Nilifanya kazi mahakama ya mjini na ya kitongoji cha Kenmore, nikawa mpole kwa waombaji wapya, na nyinyi mkadhani ni tabia yangu. Nilianza kujifunza Kiswahili cha Kivu kwa bidii, nikiwa na daftari na kamusi niliyojitengenezea mwenyewe. Watu wa kanisani walishangaa mzee kama mimi kukaa na kina mama wakimenya mihogo, akiuliza hili mnaitaje. Walifikiri ni unyenyekevu.

Darasa la uraia nililiendesha kwenye ukumbi wa kanisa, mtaa wa Riverside. Jumamosi moja, nilipomaliza kusimulia kuhusu shule na mabehewa, msichana aliyekaa mwisho aliinua mkono. Aliuliza kwa Kiingereza, "Waliokufa katikati hapo, kabla mahakama haijabadili, kuna aliyewaambia chochote?"

Nilisema sheria haina utaratibu wa jambo hilo.

Baada ya darasa alinijia mezani. Alisema anaitwa Solange, anasoma sheria chuoni kule Amherst, na kwamba mama yake hapendi kuja kwenye madarasa ya uraia. Akatoa karatasi kutoka kwenye mkoba. Ilikuwa nakala ya kumbukumbu za kesi, na jina langu lilikuwa juu.

"Mama yangu anasema hakuwahi kusema hivi," alisema, akiweka kidole kwenye mstari. "Anasema alimshika mkono tu. Kanda ya sauti walishaifuta, nimeuliza. Imebaki karatasi hii, na wewe. Unakumbuka alisema nini?"

Nilivaa miwani na kusoma mstari ule kwa muda mrefu, kama mtu anayeuona mara ya kwanza. "Ni kesi nyingi, binti yangu," nikasema. "Sikumbuki."

Akanishukuru. Akakunja karatasi yake vizuri, akaniachia namba yake ya simu endapo ningekumbuka, akaondoka.

Miezi minne baadaye nilistaafu. Mlinifanyia sherehe, mkanipa ubao wenye maneno mazuri, na mmoja wenu akasema sijawahi kukosea. Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpigie yule mtoto." Nikampigia.

Mwalimu mmoja wa Solange, mwanasheria, aliandaa hati ya kiapo. Nilieleza humo tofauti ya kukamata kwa Kivu na kwa Kiswahili sanifu, na kwamba nilikosea. Mwanasheria aliniuliza nimeligundua lini kosa. Nikasema, niliposoma karatasi aliyonionyesha Solange. Akaandika hivyo, nami nikala kiapo na kutia sahihi. Mtu aliyeishi kwa viapo miaka ishirini na zaidi alisema uongo chini ya kiapo katika hati ya kusahihisha uongo.

Columbus walikubali kuifungua kesi. Upande wa mashtaka haukupinga, na jaji mpya akaifuta hukumu. Solange aliniletea habari mwenyewe, akasema mama yake ananialika chakula.

Wanakaa nyumba ndogo karibu na mto. Mama Nabintu alikuwa amenenepa na nywele zimeingia mvi. Anafanya kazi ya kufunga biskuti kiwandani, zamu ya asubuhi, na alikuwa amesimama jikoni tangu atoke kazini. Alipika sombe, kile tunachokiita kisamvu, pamoja na fufu na samaki. Aliniita papa, akanikalisha kwenye kiti chenye mto. Ukutani kulikuwa na picha ya mwanamke mzee mwenye kilemba.

"Ule ni mama yangu," alisema alipoona natazama. "Alibakia Bujumbura, kwenye tulikimbilia. Nilikuwa nataka kumuleta, lakini mwenye haiko raia hawezi kuleta mama yake. Na uraia waliniambia: apana, juu ya ile kesi. Alikufa mwaka ulipita. Bon. Ni Mungu."

Nilikuwa na kijiko mkononi. Kanuni hiyo ya wazazi naifundisha kwenye darasa langu, wiki ya tatu.

"Lakini wewe, papa, asanti," aliendelea. "Huyu Solange alikuwa anakukasirikia sana. Mi nilikuwa namuambia, acha, ule papa ni mutu muzuri, ni vile tu hakusikia Kiswahili yetu. Mutu akikosa kusikia, haiko zambi."

"Nilisikia," nikasema.

Solange aliacha kula.

"Sikusikia ukiwa kizimbani. Lakini tulipotoka nje, pale ukumbini, nilisikia, ulipomwita huyu anisalimie. Nilijua kabla hatujarudi ndani. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikanyamaza."

Mama Nabintu alinitazama. Kwenye chumba cha pili runinga ilikuwa ikisema peke yake.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Siku ileile."

"Siku ileile, mama."

Solange alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba kwenye hati niliapa vingine. Nikamwambia ndiyo, na hiyo nayo ni yangu. Alitaka kusimama, mama yake akamwekea mkono begani akakaa.

Nilingoja anifukuze. Ningeona nafuu. Mama Nabintu alivuta sahani yake pembeni, akaifunika kwa nyingine, akafuta meza pale mbele yake palipokuwa safi.

"Na wengine?" akaniuliza.

"Wengine wapi?"

"Batu wengine wa kwetu. Haikuwa mimi peke yangu ulikuwa unasemea ku Columbus. Wengine, ulibasemea namna gani?"

Nilimwambia sijui. Nilimweleza kwamba mkalimani huchana maandishi yake kila jioni kwa ajili ya siri za watu, na kwamba sina hata ukurasa mmoja. Nilisikia mwenyewe jinsi maelezo yale yalivyokuwa mazuri.

"Tafuta," alisema.

Nilipoondoka hakunisindikiza mlangoni. Solange ndiye aliyenifungulia.

Kesho yake nilimwandikia mwanasheria kusahihisha kiapo changu. Alipeleka barua ile Columbus. Uamuzi juu ya Mama Nabintu haukuguswa, kwa kuwa neno alilolisema ni lile lile, lakini mimi nilifutwa kwenye orodha ya wakalimani. Ubao wenu nimeurudisha ofisini, mtaukuta nyuma ya kabati la karatasi. Mkiweza kuutumia kwa mwingine, badilisheni jina.

Viatu, basi: nunueni vya ngozi laini, visivyolia sakafuni. Koo: maji ya uvuguvugu, msinywe ya barafu. Na wale mliowahi kusikia kwangu kwamba Kiswahili chenu si Kiswahili, nilikosea, na nilijua nakosea.

Kila mwezi napanda basi kwenda Columbus. Kwenye ofisi ya kumbukumbu kuna kompyuta moja ya umma karibu na dirisha, na karani ameshanizoea. Nafungua kesi nilizotafsiri, moja baada ya nyingine, natafuta kila mahali nilipotumia lile neno la Kiingereza la kunyakua, kisha najaribu kulisikia swali na jibu kwa sauti ya mtu wa Kivu. Kwingi nimeona nilikuwa sahihi. Mara ya mwisho nilimkuta kwenye kumbukumbu kijana mmoja wa Kivu aliyeshtakiwa kumnyang'anya mkewe simu wakati wa ugomvi. Kwenye karatasi amesema alimnyakua simu; huenda alisema tu kwamba aliikamata, yaani aliichukua. Jibu linalofuata anasema alitaka kumpigia shemeji yake aje kuwapatanisha, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Nimeandika jina lake kwenye daftari jipya, ambalo silichani. Mchungaji wa kanisa lao la zamani anasema siku hizi anaishi Louisville. Amenipa namba ya kijana huyo, na kesho, siku yake ya mapumziko, nitampigia.